Senti zisikatwe kimyakimya

Iambie kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa lugha ya JavaScript au Python, itakujibu 0.30000000000000004. Haijaharibika. Inatunza namba kwa mfumo wa jozi, ambamo moja ya kumi haina mwisho, kwa hiyo inabidi iishie njiani. Dawa ipo siku nyingi: maktaba za namba zenye usahihi wa kuchagua, kama BigDecimal ya Java, zinazotunza desimali jinsi ilivyoandikwa. Kila programu inayogusa fedha za watu, iwe ya mikopo ya simu au ya hesabu za SACCOS, inapaswa kuzitumia. Wingi wa tarakimu si sababu kubwa. Kubwa ni kwamba mtengeneza programu anabanwa aseme masalio yanakwenda wapi. BigDecimal ikitakiwa kugawa 1 kwa 3 bila maelezo zaidi, inagoma na kutoa kosa, mpaka iambiwe zibaki desimali ngapi na tarakimu ya mwisho ipandishwe au ishushwe.

Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha fahirisi mpya Januari 1982 kwa pointi 1,000. Kila ilipokokotolewa, tarakimu zilizozidi desimali tatu zilikatwa tu badala ya kukadiriwa. Kufikia Novemba 1983 ilisomeka takriban 524. Iliporekebishwa, ikawa zaidi ya 1,098. Zaidi ya nusu ya thamani ilikuwa imepotea kwenye karatasi, kidogo kidogo, bila kengele yoyote kulia.

Wapo wanaolalamika kwamba maktaba hizi ni nzito. Ni kweli, na kwa utabiri wa hali ya hewa au michezo ya video namba za jozi zinafaa zaidi. Ila muamala wa fedha hutumia muda mwingi zaidi kusubiri mtandao kuliko kupiga hesabu. Wazoefu wana hoja nzito zaidi: tunza fedha kwa senti, namba kamili tupu. Kwa kujumlisha na kutoa, wako sahihi. Lakini gawanya riba ya asilimia 7.5 ya mwaka kwa siku 365, vipande vya senti vinarudi, na katika lugha nyingi za programu mgawanyo wa namba kamili huvitupa bila kusema neno, kosa lile lile la Vancouver. Ndiyo maana benki kuu zetu zinapaswa kudai kanuni ya kukadiria iandikwe kwenye mkataba wa mkopo, mkopaji aisome kabla hajabonyeza kukubali, na programu iifuate hivyo hivyo.