Hasira ya Baba si Homoni Peke Yake

Mwanaume wa makamo anapoanza kununa, kukosa usingizi na kuikwepa familia yake, jamii humpa jibu moja kati ya mawili: amerogwa, au ameishiwa nguvu za kiume. Jibu la pili limezaa biashara ya mizizi na vidonge vinavyouzwa bila mnunuzi kupimwa.

Ni kweli kwamba homoni ya testosteroni hupungua kadiri umri unavyosonga, kwa takribani asilimia 1 kwa mwaka kuanzia miaka ya 30 au 40. Lakini mteremko huo ni wa taratibu. Haufanani na kukoma kwa hedhi, na wanaume wengi huufikia uzee bila upungufu unaohitaji tiba. Anayebadilika ghafla mara nyingi ana jambo jingine: unene uliopita kiasi, kisukari, ulevi au sonona. Na sonona ya mwanaume aghalabu haijitokezi kwa machozi, bali kwa hasira na chupa.

Kwa maoni yangu, kumpa mtu huyo homoni bila uchunguzi ni kosa. Upungufu huthibitishwa kwa dalili pamoja na vipimo viwili vya damu ya asubuhi, vya siku tofauti. Na homoni ya kuongezwa huweza kusimamisha utengenezaji wa mbegu za kiume.

Kliniki zetu za kisukari na shinikizo la damu tayari huwapokea wanaume hawa. Baada ya kuwapima, tuwaulize pia wanalalaje, na mioyo yao ikoje. Mwanaume aliyefunzwa kwamba kuugulia moyoni ndio ushujaa hatayaanzisha mazungumzo hayo yeye mwenyewe.