Kujitegemea Kwadai Usahihi

Karakana yenye mashine ya kuchongea chuma lakini isiyo na jiliwa imara la kushikia kazi haina mashine, ina pambo. Kisu kizungukacho hakiwezi kukata kwa kipimo kitu kinachochezacheza, na kipande kikichomoka chaweza kumjeruhi fundi.

Hata hivyo, jiliwa si kitu cha ajabu. Ni kitako, taya lisilotembea, taya linalotembea, na parafujo yenye nati yake. Mabamba ya chuma cha pua na parafujo nzima ya jeki lililotupwa vyatosha kuanzia. Shule ya ufundi au karakana ndogo haina sababu ya kukaa ikingojea jiliwa kutoka ng'ambo.

Lakini wako wanaodhani kwamba kitu kikishatengenezwa nyumbani hustahili kusifiwa hata kama kimepinda. Dhana hiyo yapasa kupigwa vita. Taya lisilotembea likiegama kwa milimita 0.1 tu katika kimo cha milimita 50, uso wenye upana wa milimita 100 utakaochongwa humo utakosea kwa milimita 0.2. Kosa hilo halitabaki ndani ya jiliwa. Litarithiwa na kila kipuri kitakachopita humo, na mkulima atakayenunua kipuri hicho ndiye atakayelipa gharama ya ulipuaji wa mwingine.

Fundi anayeheshimu kazi yake halehemu taya hilo na kuliacha hivyo, kwa kuwa chuma hupinda kinapopoa. Hulifunga kwa boliti katika mfereji uliochongwa. Kisha hukifunga kitako juu ya meza ya mashine ile ile na kuuchonga uso wa taya mwisho wa yote, ili ufuate unyofu wa meza hiyo. Hali kadhalika, taya linalotembea hutaka kuinuka linapokazwa, kwa sababu parafujo hulisukuma chini ya mahali kazi ilipobanwa. Kwa hiyo huwekewa bamba la kulizuia chini ya reli zake. Baada ya hayo hupima. Na kipimo kikikataa, hurudia.

Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule ziunganishe kazi na fikra. SIDO ilipoundwa mwaka 1973, shabaha ilikuwa kuvikuza viwanda vidogo. Shabaha hizo hazitimizwi kwa wingi wa vitu vilivyotengenezwa, bali kwa vitu vinavyofanya kazi iliyokusudiwa.

Basi mwalimu wa ufundi asimpe mwanafunzi alama kwa jiliwa linalong'aa rangi kabla ya kulipima mbele yake. Naye mtumishi mwenye dhamana ya fedha za karakana atangulize vyombo vya kupimia: pembemraba ya kweli na kipimo cha saa kionyeshacho sehemu ya mia ya milimita. Mwenye vyombo hivyo na maarifa ya kuvitumia ataweza kujitengenezea jiliwa, na baada ya jiliwa vifaa vingine vingi. Asiyekuwa navyo ataendelea kununua, na hata anachokinunua hatajua kama ni kinyofu.