Setilaiti ilipaa kutoka Ngomeni, lakini duka la kofia halimo kwenye ramani

Najua niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini naomba mnivumilie. Leo nina la moyoni, nalo linahusu Magarini.

Jumamosi nilivuka daraja la Sabaki kutoka Malindi kwenda Mambrui kutafuta kofia ya vito. Nina mzee wa kumpelekea zawadi, na wale wenye kuposa wataelewa kwamba kofia ya mashine haitoshi. Nikafanya wanavyofanya watu wa rika langu: nikatoa simu, nikaandika "kofia Mambrui". Nikaletewa hoteli za ufukweni, kituo cha mafuta na duka moja la Mombasa. Nikairudisha simu mfukoni, nikamuuliza kijana wa bodaboda.

"Wamtaka mama wa kofia? Panda."

Dakika tano baadaye nilikuwa kibarazani kwa mama mmoja, kofia sita zimepangwa juu ya leso, ya saba iko mkononi mwake na sindano ndani. "Karibu mwanangu, keti. Wataka ya nani?" Nilipomweleza, alicheka, akanichagulia yeye mwenyewe. Nililipa kwa namba ya till iliyobandikwa mlangoni.

Hiyo namba ya till ndiyo iliyonikera njia nzima ya kurudi. Huyu mama hajaachwa nyuma na teknolojia. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na leo hata anayeuza mahamri anapokea malipo kwa simu. Pesa imempata, lakini mteja hampati.

Kejeli ya Ngomeni

Kwa wale wasiojua, Magarini si kijiji cha nyuma katika historia ya teknolojia. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya eksirei.

Fikirieni basi. Kutoka kwetu kilirushwa chombo kilichoorodhesha vitu 339 vilivyo mbali kiasi cha kutisha, kila kimoja na mahali pake. Lakini kutoka hapo hapo Ngomeni ukitafuta kwenye simu fundi wa akala wa Gongoni, au akina mama wanaosuka makuti kando ya barabara, au fundi cherehani anayeshona hando za marinda, utaambiwa hakuna kitu. Wapo. Nimenunua kwao. Ila kwa mgeni aliyeshuka kwenye matatu akiwa na saa tatu za kuzurura, kisichoonekana kwenye simu hakipo. Ataishia kwenye duka kubwa la vinyago lenye bango.

Kosa langu mwenyewe

Msidhani nanyooshea wengine kidole. Nilipomaliza shahada yangu nilidhani jibu ni kuunda programu mpya. Nikakaa miezi minne nikaunda saraka ya maduka madogo ya Malindi na Magarini, yenye nembo, rangi nzuri na mfumo wa nyota. Nikaingiza maduka 23. Nilijiona bingwa.

Kuna dada mmoja mwenye duka la vikapu alijaza fomu yangu mwenyewe. Saa za kufungua akaandika 2. Saa za kufunga akaandika 11. Nanyi mnajua alichomaanisha: saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Programu yangu ikaelewa saa nane usiku hadi saa tano asubuhi! Kwa wiki sita duka lake lilionyeshwa kwamba limefungwa kila alasiri, wakati ambapo wageni ndipo hutoka. Aliyeniambia ni mteja aliyegeuza njia, akaja kununua siku ya pili. Sijui ni wangapi waligeuza wasirudi.

Mimi nimezaliwa nikihesabu saa za Kiswahili. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nikaandika fomu kana kwamba watumiaji wangu wanaishi nchi nyingine. Dada yule hakunilaumu. Alisema tu, "Nilidhani chombo chako ni cha hapa." Hilo neno bado linaniuma. Mwaka uliofuata nikashindwa kulipia seva, saraka ikafa, na maduka 23 yakarudi gizani pamoja nayo.

Tusiunde kipya, tujaze kilichopo

Msimamo wangu leo ni huu: hatuhitaji apu nyingine ya "kugundua Malindi". Tunahitaji kujaza ramani iliyo wazi ambayo haitakufa mimi nikiishiwa pesa. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na mtu yeyote anaweza kuihariri bila malipo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliitumia kuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani ulikuwa kama uwanja mtupu. Hawakungoja kampuni. Data ikishaingia, programu kama Organic Maps na OsmAnd huisoma hata pasipo mtandao, jambo la maana sana kwa anayekwenda Marafa.

Ukitaka kuanza, fanya hivi:

1. Fungua akaunti, halafu nenda dukani kwa miguu. Usiweke duka ambalo hujaliona.
2. Andika jina kama watu wanavyoliita. Kama halina bango, muulize mwenyewe alipe jina.
3. Weka lebo sahihi. Mafundi wana lebo yao, mfano craft=tailor kwa fundi cherehani na craft=shoemaker kwa fundi viatu.
4. Saa! Ramani hii hutumia saa 24. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Uliza pia kama Ijumaa anafunga kwa ajili ya swala.
5. Kwenye maelezo andika njia kama anavyoielekeza mwenyeji: nyuma ya msikiti, mkabala na mwembe.

Na si maduka tu. Akina mama niliowakuta wakisuka ukili wa mikeka walinikalisha nikajaribu. Juu, chini, ruka mbili, rudi... ni marudio matupu, kama kipande cha programu, na nikikosea hesabu mara moja, kosa huonekana hadi mwisho wa ukili. Nilifumuliwa mara tatu. Nililipia saa hiyo kwa furaha kuliko ninavyolipia sinema. Malindi mjini kuna ushirika wa wachongaji uliosajiliwa tangu 1986, ambako unaweza kusimama ukatazama gogo la mwarobaini likigeuka twiga. Hivi navyo ni vitu vya mgeni kujua.

Lakini uliza kwanza

Hapa wanaopenda data kama mimi huteleza. Nilipomwomba mama wa kofia ruhusa ya kumweka kwenye ramani, alifikiri kidogo. "Weka mlango wangu. Namba yangu ya simu usiiweke, hapa ni nyumbani." Nikafanya hivyo hivyo.

Tena kuna vitu ambavyo havifai kuwekwa kabisa. Wagiriama husimika vigango kuwakumbuka wazee wao wa Gohu waliofariki. Havikukusudiwa kung'olewa. Vingi viliibwa, vikauzwa kama mapambo. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa Kilifi kutoka Marekani, na mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver ilitangaza kurudisha vingine 30. Mwizi hahitaji zaidi ya kuelekezwa mahali. Kwa hiyo ukikuta kigango shambani kwa watu, salimia, pita, na simu yako ibaki mfukoni. Duka lipo ili lipatikane, lakini kaburi la mtu halimtafuti mteja.

Hesabu yangu hadi leo: maduka na mafundi 9 kati ya Sabaki na Gongoni, wote kwa ridhaa yao. Jana mama wa kofia alinipigia. Amekuja mgeni na simu mkononi hadi kibarazani, hakuuliza njia kwa mtu, na amechukua mbili. Halafu akaongeza, "Lakini yule kijana wa bodaboda analalamika, mwanangu. Wamkosesha nauli."

Hilo kosa bado sijajua nitalirekebishaje. Mwenye wazo anipe. Nawasilisha.