Kukopa harusi, kulipa matanga: Somo la urais wa Kongo

SIKU Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (CENI) ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipomtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi wa kiti cha urais, Januari 10, 2019, nchi hiyo iligawanyika kabla hata jua halijapanda. Katika eneo la Limete jijini Kinshasa, yaliko makao makuu ya chama chake cha UDPS, na huko Mbuji-Mayi katika Kasai, watu walicheza barabarani. Mjini Kikwit, ngome ya Martin Fayulu aliyepewa nafasi ya pili, watu waliingia barabarani kwa hasira, na wapo waliopoteza maisha.

Nairudia siku hiyo kwa sababu maalumu. Mengi tunayoyasikia sisi majirani kuhusu Kongo, kuanzia kuanguka kwa Goma mwezi Januari 2025 hadi hukumu ya kifo aliyopewa Rais wa zamani Joseph Kabila mwezi Septemba mwaka huo akiwa hayupo mahakamani, yanazungumzwa kana kwamba yalizuka ghafla. Hayakuzuka. Sehemu yake ni deni lililokopwa mwaka 2019, na wenye kudai wamekuwa wakipiga hodi mmoja baada ya mwingine.

Tuanze na hesabu, maana siasa ya Kongo ya wakati ule ilikuwa ni ya hesabu. CENI ilimpa Tshisekedi kura 7,051,013, sawa na asilimia 38.57. Fayulu akapewa kura 6,366,732, sawa na asilimia 34.83. Emmanuel Ramazani Shadary, aliyeteuliwa na Kabila kuwa mrithi wake, aliambulia karibu asilimia 24. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 684,281.

Sasa weka namba hiyo pembeni, kisha tazama Beni, Butembo na Yumbi. Siku nne kabla ya upigaji kura wa Desemba 30, 2018, CENI ilitangaza kwamba wananchi wa maeneo hayo matatu watapiga kura mwezi Machi 2019. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotolewa ni ugonjwa wa Ebola na mashambulizi ya waasi; kwa Yumbi ni mauaji ya kikabila yaliyokuwa yametokea huko. Wapiga kura waliohusika walikuwa zaidi ya milioni moja. Rais mpya aliapishwa Januari 24. Kwa maneno mengine, watu wengi kuliko ile tofauti ya kura 684,281 waliahidiwa kumchagua rais ambaye tayari angekuwa Ikulu.

Watu wa Beni hawakukaa kimya. Siku ya uchaguzi walipanga foleni wakaendesha uchaguzi wao wa mfano, wakijua wazi kwamba kura zile hazitahesabiwa na mtu. Nadhani hakuna kilichoonyesha ukubwa wa jambo hili kuliko foleni ile. Ugonjwa uliotajwa kuwa sababu ya kuwazuia haukuwazuia kwenda sokoni wala kusali.

Kanisa Katoliki nalo lilikuwa na la kusema. Baraza la Maaskofu, CENCO, lilikuwa limetawanya waangalizi wapatao 40,000 nchi nzima. Maaskofu walisema matokeo ya CENI hayalingani na takwimu zilizokusanywa na waangalizi wao. Siku chache baadaye gazeti la Financial Times la Uingereza lilichambua takwimu zilizovuja, zikiwakilisha takribani asilimia 86 ya kura, na kueleza kwamba Fayulu alikuwa na karibu asilimia 59. CENI ilishikilia matokeo yake, na Mahakama ya Katiba ikatupilia mbali maombi ya Fayulu ya kutaka kura zihesabiwe upya kwa mkono.

Msomaji anaweza kuuliza: kama mashaka yalikuwa makubwa namna hiyo, kwa nini Wakongo wengi waliamua kumkubali Tshisekedi? Hapa ndipo wachambuzi wengi wa mbali walipowakosea heshima Wakongo, wakidhani kwamba waliokubali walikuwa wajinga au walihongwa.

Kwanza, walikuwa wamechoka. Muhula wa mwisho wa Kabila kwa mujibu wa katiba ulikwisha Desemba 2016, lakini aliendelea kukaa kwa miaka miwili zaidi, na waliopinga hilo walipigwa risasi mitaani. Pili, tangu uhuru wa mwaka 1960 nchi hiyo haikuwahi kuona rais akimkabidhi mwenzake madaraka kwa amani. Lumumba aliuawa, Kasavubu alipinduliwa, Mobutu alifukuzwa kwa mtutu, na Laurent-Désiré Kabila aliuawa kwa risasi ndani ya kasri lake mwaka 2001. Mtu mwenye historia hiyo akiona marais wawili wamesimama jukwaa moja, mmoja akimvisha mwenzake utepe, lazima moyo umlainike.

Tatu, lilikuwapo jina lenyewe. Étienne Tshisekedi, baba wa Félix, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa UDPS mwaka 1982, enzi ambazo kumpinga Mobutu kulikuwa ni kujitafutia jela. Alifariki Brussels Februari 2017 bila kuupata urais, na mwili wake ukakaa huko kwa zaidi ya miaka miwili. Ulirudishwa na kuzikwa mwaka 2019, mwanawe akiwa Rais. Kwa mzee wa Mbuji-Mayi aliyeilinda kadi ya chama kwa miaka 37, kumwambia habari za takwimu zilizovuja ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa.

Kwa hiyo Wakongo waligawanyika juu ya bei. Upande mmoja ulisema: tupokee amani hii pungufu, hesabu tutazirekebisha mbele ya safari. Upande wa pili ukasema: amani iliyonunuliwa kwa kura ya mtu mwingine haitadumu. Mimi nasema kila upande ulikuwa umeshika nusu ya ukweli.

Sisi majirani hatukuwasaidia kuzikutanisha nusu hizo. Januari 17, 2019 wakuu wa nchi waliokutana chini ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa walisema wana mashaka makubwa na matokeo, wakataka kutangazwa kwa matokeo ya mwisho kusitishwe. Ukapangwa ujumbe wa kwenda Kinshasa. Mahakama ya Katiba ikatoa hukumu kabla ujumbe haujaondoka, na safari ikafa. SADC ilianza kwa kuzungumzia kuhesabu kura upya na serikali ya umoja wa kitaifa, ikamalizia kwa pongezi. Siku ya kuapishwa, mkuu wa nchi pekee kutoka nje aliyehudhuria alikuwa Uhuru Kenyatta wa Kenya.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kiongozi ambaye uhalali wake hautoki moja kwa moja kwenye sanduku la kura hulazimika kuuazima kwingine, na Tshisekedi aliuazima mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa Kabila. Muungano wa Kabila, FCC, ulikuwa na zaidi ya viti 300 kati ya 500 bungeni, wakati UDPS haikufikisha hata 50. Ilichukua miezi saba kuunda serikali. Ilipotangazwa Agosti 2019 ilikuwa na watu 65, na 42 kati yao walitoka FCC. Upinzani ulidai kwamba palikuwa na mapatano ya siri, madai ambayo kambi ya Rais iliyakana. Mapatano yawepo yasiwepo, rais huyo alikuwa akiongoza baraza ambalo sehemu kubwa yake ilimtii mtu mwingine.

Mara ya pili ilikuwa kwa wabunge. Desemba 2020 Tshisekedi alivunja ushirikiano na Kabila, na katika wiki chache wabunge wengi waliochaguliwa kwa bendera ya FCC walihamia kwenye Muungano Mtakatifu wa Rais. Wafuasi wake walishangilia. Lakini mbunge anayehama mara moja kwa masilahi anaweza kuhama mara ya pili, na kila siku anahitaji sababu mpya ya kubaki.

Mara ya tatu ilikuwa kwa bunduki. Mei 2021 alitangaza hali ya hatari ya kijeshi katika Kivu Kaskazini na Ituri, magavana wa kiraia wakaondolewa na maofisa wa jeshi na polisi wakawekwa mahali pao. Hatua hiyo iliongezwa muda tena na tena, na mauaji hayakukoma. Baadaye yakaja majeshi ya nje: la Uganda kuanzia Novemba 2021, la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia Novemba 2022, kisha la SADC kuanzia Desemba 2023. Beni iliyonyimwa kura ya urais ndiyo hiyo hiyo iliyowekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba vita vya M23 vililetwa na uchaguzi wa 2018. Mizizi ya vita hivyo inakwenda nyuma hadi mwaka 1994 na zaidi, na kundi hilo liliwahi kuiteka Goma mwaka 2012, wakati wa Kabila. Wala sisemi kwamba Tshisekedi hakufanya lolote. Aliwaachia wafungwa wa kisiasa. Mwaka huo wa 2019 alianzisha elimu ya msingi bila ada katika shule za umma, na ingawa madarasa yalifurika na walimu wakalalamikia mishahara, wapo watoto wengi waliokaa darasani kwa mara ya kwanza. Anayempinga hana budi kuyakubali haya.

Ninachosema ni kwamba uchaguzi wenye shaka uliwapa wenye bunduki maneno ya kusema, na ushahidi wa hilo ni Corneille Nangaa. Ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa CENI, ndiye aliyesoma matokeo ya Januari 10. Baada ya kukosana na serikali alikuja kudai hadharani kwamba palikuwa na makubaliano kati ya Kabila na Tshisekedi. Desemba 2023, akiwa Nairobi, alizindua Muungano wa Mto Kongo, AFC, unaoshirikiana na M23. Mwezi Januari 2025 wapiganaji hao waliiteka Goma, na mwezi uliofuata Bukavu. Mtu aliyemtangaza Rais kwa kalamu akaongoza muungano wa kumwondoa kwa risasi.

Katika uchaguzi wa Desemba 2023 Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73. Wapinzani walidai wizi tena, na maeneo yaliyokuwa mikononi mwa waasi hayakupiga kura. Hata hivyo maoni ya watu hayakai mahali pamoja. Fayulu, aliyeapa kutomtambua, alikwenda kuonana na Tshisekedi Juni 2025, akisema nchi inagawanyika na haina muda wa kusubiri. Wapo wafuasi wake waliomwita msaliti. Mimi naona alifanya jambo ambalo lingefaa kufanywa na wote wawili Januari 2019: kukaa meza moja na kukubaliana kwanza ni nini kilichotokea, kabla ya kugawana cha kufanya.

Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nyumba ya jirani imekuwa chumba ndani ya nyumba yetu. Uchaguzi mwingine wenye utata utakapotokea katika nchi yoyote ya jumuiya hii, na utatokea, tutasikia tena ushauri ule ule: tupokee, tusonge mbele, tusiamshe fujo. Pengine ushauri huo utakuwa sahihi siku hiyo. Lakini atakayeutoa aambatanishe na orodha ya watakaolipa. Mwaka 2019 waliokubaliana walikuwa Kinshasa, na waliolipa walikuwa Beni.