Meksiko Haina Sauti Moja

Wapo washikiliao kuwa muziki wa Meksiko ni mariachi, basi: kofia pana, suti ya vifungo vya fedha, fidla na tarumbeta. Husema hivyo kwa mapenzi, lakini ni mapenzi yamnyimayo mpendwa haki yake.

Mariachi yenyewe haina kosa. Ilizaliwa vijijini magharibi mwa nchi, Jalisco na majimbo jirani, ikiwa muziki wa ala za nyuzi. Tarumbeta ilikita mizizi baadaye, katika karne ya 20. Sinema ndizo zilizoivika taji, hasa tangu *Allá en el Rancho Grande* ya mwaka 1936. Mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lakini mwaka 2010 UNESCO hiyo hiyo ilikwisha kuitambua pirekua, nyimbo za Wapurépecha wa Michoacán. Mbona hizo hazitajwi?

Adhulumiwaye zaidi ni mpenzi wa ushairi. Katika milima ya Sierra Gorda, malenga wawili hukaa juu ya majukwaa yanayokabiliana, kila mmoja na wapigaji wake, wakajibizana kwa tungo za papo kwa papo usiku kucha. Pambano hilo huitwa topada, na bahari yake kuu ni décima: mishororo kumi, kila mshororo mizani nane, vina vikifuata mpango usiovunjwa. Aliyelelewa na shairi la Kiswahili, lenye nane kwa nane katika mshororo, atauitaje ufundi huo mgeni?

Tena ipo Afrika. Huko Veracruz, wachezaji wa son jarocho hugonga jukwaa la mbao kwa visigino hata mbao zikawa ngoma. Mwaka 1766 mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi iliipiga marufuku chuchumbé, ngoma ya watu wa chini bandarini humo. Costa Chica, pwani ya Pasifiki, Weusi hufanya ala kwa taya la punda au farasi. Chiapas hujivunia marimba, na jina hilo ni la Kibantu. Msomaji wa pwani hahitaji mkalimani. Weusi hao walitambuliwa na katiba ya nchi mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni 2.5 waliojitaja kuwa wa asili hiyo. Asemaye "mariachi, basi" huwafuta upya.

Itajibiwa kuwa kila taifa lahitaji nembo. Naam, nembo yafaa kwa bendera na sarafu. Wimbo hutaka mwimbaji, na mwimbaji hutaka mrithi. Mialiko na malipo humfuata atajwaye. Asiyetajwa hupungukiwa wanafunzi. Na malenga wa topada akizikwa bila mwanafunzi, sauti yake yaweza kubaki katika kanda, lakini kanda haijibu. Mpinzani wake atatoa ubeti, na jukwaa la pili litanyamaza.