Tusome Sakafu ya Ziwa Turkana Kabla ya Kuamua

Wavuvi wa Lowarengak, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Turkana, huchagua mahali pa kutega nyavu kwa kutazama rangi ya maji, upepo na kina. Wataalamu nao hufuata njia iyo hiyo. Kutokana na kina, aina ya tope, mwangaza, chumvi na hewa iliyomo majini, wao hukadiria viumbe waishio chini hata pale ambapo hakuna aliyechota tope. Konokono, kamba wadogo na mabuu ya wadudu ni chakula cha samaki. Asiyewajua hao hawezi kuikadiria kesho ya uvuvi.

Ziwa letu halina mto unaotoka, ndiyo sababu maji yake yana magadi. Upepo mkali huyakoroga, na hewa hufika chini. Mto Omo huleta takriban asilimia 90 ya maji hayo, pamoja na tope na rutuba. Hivyo sakafu ya kaskazini ni mtoto wa mto huo, ambao mafuriko yake yamedhibitiwa tangu bwawa la Gibe III nchini Ethiopia lilipoanza kujazwa mwaka 2015. Mwaka 2018 Unesco iliziorodhesha mbuga za ziwa hili miongoni mwa turathi za dunia zilizo hatarini.

Hapana shaka tumekwisha kuonywa. Mapema katika miaka ya 1980, kiwanda cha samaki kilijengwa Kalokol kwa msaada wa Norway. Muda si muda maji yalipungua, Ghuba ya Ferguson ikakauka, na kiwanda kikabaki jengo tu. Hesabu ya samaki ilifanywa; tabia ya maji ikasahauliwa.

Sisemi kwamba makadirio yanatosha. Ramani isiyothibitishwa kwa tope lililochotwa ni ubashiri mtupu. Kwa hiyo nashauri Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iwashirikishe wavuvi kupima kina, chumvi na utusitusi wa maji kila msimu, na kuchota tope mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Serikali za Kenya na Ethiopia nazo zipeane takwimu za mtiririko wa Omo. Matokeo yasifungiwe makabatini Nairobi, bali yasomwe ufuoni kwa Kiturkana na Kiswahili. Mwenye kutegemea ziwa ana haki ya kuwa wa kwanza kujua linakoelekea.