Taa ya Manjano Katika Dashibodi

Motokaa nyingi za siku hizi zina taa ndogo ya manjano yenye herufi tatu, ABS. Huwaka mtu anapoiwasha motokaa, na baada ya sekunde chache huzimika. Isipozimika, wenye motokaa wengi husema: "Breki zashika, basi ina neno gani?" Ni kweli breki zashika. Aliyeondoka ni yule mlinzi azuiaye magurudumu yasifunge na kuteleza dereva anapokanyaga kwa ghafula, na kutokuwapo kwake hakujulikani mpaka siku ya mvua, mtoto akatokeza barabarani. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na hiyo ya manjano, motokaa isiendeshwe kabisa. Wako hata wanaoiziba taa kwa utepe mweusi ndipo waiuze motokaa. Hiyo ni hadaa, wala hatuna jina jingine la kuiita.

Mara nyingi ugonjwa huwa katika kihisi cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita sensa. Kila gurudumu lina chake. Kazi yake ni kusoma meno ya pete izungukayo pamoja na gurudumu, au sumaku zilizofichwa katika beringi, na kuupelekea mtambo habari za mwendo. Kimoja kikinyamaza, mtambo hujizima. Vya nyuma huteswa na matope na kutu, hasa huku kwetu pwani penye chumvi hewani.

Kabla ya kununua kipya, imetupasa kuhakikisha. Mashine ya kusomea makosa, ichomekwayo chini ya usukani, hutaja gurudumu lenye kasoro. Haisemi kwamba kihisi kimekufa. Huenda waya umekatika, au plagi imeingia maji. Vihisi vya zamani vyenye koili hupimwa kwa mita, na vingi huonyesha omu 1,000 hadi 2,000 hivi. Lililo bora ni kukilinganisha na cha upande wa pili. Vya kisasa havipimwi hivyo. Tena ziko motokaa ambazo kihisi kimeungana na beringi. Hizo zipelekwe kwa fundi.

Sasa enyi vijana, hapa tunawataka msikilize sana. Anayeinua gurudumu la nyuma asiitegemee breki ya mkono peke yake, kwani katika motokaa nyingi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma, nanyi moja mmelining'iniza. Egesheni mahali pagumu palipo sawa, mweke vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Nati zilegezwe gurudumu lingali chini. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia: iwekeni motokaa juu ya stendi ya chuma, wala si juu ya matofali, maana tofali hupasuka bila ya kutoa habari. Gurudumu mlilolitoa lilazeni chini ya ubavu wa motokaa liwe kinga ya pili. Na watoto wadogo wapelekwe ndani.

Yaliyobaki si makubwa. Zimeni motokaa, mfuate waya mpaka kwenye plagi, ambayo pengine imo chini ya kiti cha nyuma. Kihisi chenyewe aghalabu hushikwa na bolti moja. Kikiwa kimeganda kwa kutu, mwagieni mafuta ya kulegezea, mkanywe chai, kisha mkizungushe taratibu kushoto na kulia. Mkikivuta kwa nguvu kichwa hukatika na mwili hubaki tunduni. Safisheni tundu kwa msasa, pasibaki hata chembe ya chuma. Kipya kiingie kwa mkono bila ya kupigwa nyundo, bolti ikazwe kwa kiasi, na waya upite palepale ulipopita wa kwanza, katika vishikizo vyake, mbali na tairi na eksozi.

Gurudumu likisharudishwa na nati kukazwa kwa kukingama, endesheni polepole mahali peupe, mkijaribu breki kwanza. Katika baadhi ya motokaa taa huzimika yenyewe baada ya mwendo mfupi; nyingine hutaka kosa lifutwe kwa mashine. Ikirudi kuwaka, msikimbilie kununua kihisi cha pili: itazameni ile pete, huenda jino limevunjika.